Ramani ya Kichocho Yachorwa Uwanjani

Ndugu mkulima, leo sizungumzii mbolea. Nataka tuchore ramani.

Usicheke. Mwaka 1854 kipindupindu kilipoua watu mjini London, daktari John Snow alitia alama ramanini kwa kila kifo. Alama zikarundikana karibu na pampu moja ya maji. Wazee wetu nao watakumbuka vikundi vya redio vya Mtu ni Afya, mwaka 1973. Kichocho kilikuwa mojawapo ya masomo yake.

Sisi wa kando ya Ziwa Viktoria, Ukerewe, Magu, Sengerema, tunasumbuliwa na kichocho cha tumbo. Konokono wake hukaa ufukweni. Ukienda bara, Kwimba kwa mfano, utakuta zaidi kile cha mkojo, maana konokono wa huko ni wa malambo na majaruba ya mpunga. Ugonjwa una mahali pake.

Basi fagieni uwanja, wakubwa pamoja na watoto wa shule. Tafuteni kwanza mashariki, jua linakochomoza. Choreni ziwa kwa majivu. Kisha pimeni kwa miguu: hatua mia moja njiani ziwe dhiraa moja hapo chini. Hapa wengi hukosea, nyumba ya mwenyekiti huchorwa kubwa na karibu na kila kitu! Pimeni tu. Jiwe liwe nyumba, kijiti kiwe choo, na kila nyumba iweke punje ya mahindi pale inapochota maji, inapofua, inapooga na inapomwagilia bustani. Wagonjwa msiwataje hadharani. Hayo ni ya zahanati.

Kijiji kimoja nilikofanya hivi, punje zilijaa kwenye ghuba ndogo yenye matete, na upande ule vijiti vilikuwa viwili tu. Mama mmoja akasema, "Bwana Shamba, kumbe mchicha wetu ndio unaotupeleka majini!" Kweli. Waliingia hadi magotini kujaza ndoo saa sita mchana, wakati vijidudu vinapotoka kwa wingi kwenye konokono.

Wakakata shauri: vyoo vichimbwe upande ule kwanza, mbali na maji; lijengwe jukwaa la kuchotea bila kukanyaga maji; na maji ya kuoga yakae siku mbili ndani ya pipa. Dawa ya prazikwanteli huua minyoo, lakini haimkingi mtu akirudi ghubani.

Mvua itaifuta ramani yenu. Mtoto mmoja ainakili daftarini, aonyeshe mashariki na aandike tarehe. Mwakani choreni nyingine, muone kama punje zimehama.