Kikohozi si Mshahara
(Hotuba kwa wafanyakazi wa Golbanti)

Ndugu wanachama,

Wengi wetu hukohoa kila asubuhi, na tumezoea kusema, "Ni kikohozi cha kazi tu." Leo twataka neno hilo litoke vinywani mwetu. Tumekwenda kazini kutafuta riziki, hatukwenda kutafuta kikohozi.

Uko ugonjwa sugu wa mapafu ambao si kifua kikuu, wala hauambukizi. Huja polepole, kwa miaka mingi. Moshi na vumbi laini hupenya hata katika vijia vidogo vya pumzi, vikavimba, vikajaa makohozi, vikawa vyembamba. Baadaye vifuko vya hewa huharibika, na vikiharibika havirudi. Mwaka 2019 ugonjwa huu uliua watu zaidi ya milioni 3 duniani.

Sigara ni adui mkubwa, na anayevuta aache. Lakini Shirika la Afya Duniani lasema kwamba katika nchi zenye kipato kidogo na cha kati, tumbaku ndiyo sababu kwa wagonjwa 30 hadi 40 tu katika kila 100. Na wengine je? Tujitazame sisi wenyewe. Mwenzetu wa kinu cha mpunga hushinda ndani ya vumbi la makapi. Mchoma makaa hukesha kando ya tanuri. Mama huinamia mafiga yenye kuni mbichi, mtoto yu mgongoni, wala hakuna amlipaye.

Ndugu, sheria tunayo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri azuie vumbi lisivutwe na wafanyakazi, na penye watu 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Kitambaa cha kufunga puani hakitoshi. Vumbi laini hupita. Kwanza vumbi lizuiwe pale linapotoka, ndipo tuzungumze habari za barakoa.

Basi tufanye haya. Anayekohoa kwa majuma mengi aende hospitali, apimwe kifua kikuu na apimwe pumzi, amweleze daktari kazi aifanyayo. Kila mahali pa kazi tuchague wajumbe wa kamati. Nyumbani, jiko liwe mahali penye hewa, na kuni ziwe kavu.

Asinyamaze mtu kwa kuogopa kufukuzwa. Mmoja hufukuzwa, wote hawafukuziki. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ukuta wa mapafu haujengeki.

Umoja ni nguvu.