Kusoma Nyumbani au Kuhamia Jijini: Mazingatio kwa Wazazi na Vijana wa Simiyu



Waandalizi wa semina hii wamenitaka nianze kwa kueleza maana ya elimu masafa, na kwa kuwa hapana asiyeijua humu ukumbini, sitakaa hapo. Ni elimu ambayo mwalimu na mwanafunzi hawaonani kila siku. Zamani ilipita kwa posta, leo yapita kwa intaneti. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa Sheria Namba 17 ya mwaka 1992, kikaanza kazi mwaka 1993, na shahada yake ni shahada kamili. Mzazi aliye na shaka na akumbuke kwamba Nelson Mandela alikamilisha shahada yake ya kwanza kwa masomo ya posta ya Chuo Kikuu cha Afrika Kusini. Ingawa yafaa niongeze kwamba wakati huo alikuwa amekwisha kuwatoroka wazee wake na kuhamia Johannesburg.

Kwa upande wa jiji la Dar es Salaam, hesabu ni nyepesi kuipiga na nzito kuilipa. Tuseme chumba cha Kimara au Changanyikeni ni shilingi 80,000 kwa mwezi: mwenye nyumba ataka miezi 6 kwa mkupuo, dalali naye ana mwezi wake, na hivyo zimekwenda shilingi 560,000 kabla kijana hajanunua godoro. Pamba ikiwa shilingi 1,000 kwa kilo, hizo ni kilo 560, mavuno ya ekari mbili na ziada kwa mkulima wa kawaida wa Itilima au Meatu. Hosteli za Magufuli pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zilizofunguliwa mwaka 2017 zikiwa na nafasi 3,840, zilipunguza adha hiyo wala hazikuiondoa. Bodi ya Mikopo ilipandisha fedha ya chakula na malazi hadi shilingi 10,000 kwa siku mwaka 2022, lakini si kila mwombaji hupata, na anayepata aghalabu huipokea fedha hiyo, bumu kama waiitavyo wanafunzi, akiwa tayari ana deni la mama ntilie. Kisha akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe.

Kwa hesabu hiyo peke yake, kila mzazi wa Simiyu angemwambia mwanawe abaki. Hapo ndipo lilipo tatizo ambalo nimelipigania kwa miaka mingi, na mtaniwia radhi nikilikalia kuliko nilivyoagizwa.

Katika mkoa wetu, kijana aliye nyumbani huhesabiwa kuwa hana kazi. Nilipata kumtembelea binti mmoja wa upande wa Dutwa, mwanafunzi wa ualimu kwa masafa, nikamkuta chumbani, simu ameiegemeza kwenye dumu la maji, daftari magotini, mhadhara unaendelea, na mara sauti ya baba yake ikaja kutoka uani: "Wee, ng'ombe wameingia kwenye pamba!" Akajibu kwa adabu, "Niko darasani, baba." Mzee akauliza, bila hasira yoyote, "Darasa gani la kukaa kitandani?" Binti akazima simu akatoka. Simlaumu mzee yule, kwani maishani mwake hajapata kuona darasa lisilo na kengele wala sare, na ng'ombe walikuwa kwenye pamba kweli.

Kazi hizi za nyumbani hazina msimu wa kupumzika. Mvua zikianza mwezi wa 11 ni kupanda, mwezi wa 1 na wa 2 ni palizi, na kuanzia mwezi wa 5 ni kuvuna, kuchambua na kupeleka mzigo sokoni. Pamba ikishalipwa, zaingia ngoma za Wagika na Wagalu, makundi ya Kisukuma yanayoshindana. Fauka ya hayo kuna nzengo, yaani umoja wa majirani kijijini, ambayo kwayo kijana wa miaka 22 ni mtu mzima, na asipofika msibani hutozwa, hata kama siku hiyo ana mtihani. Mwenzake aliyeko Dar es Salaam hatozwi, maana "yuko shule". Wengi wanaoacha masomo ya masafa husema ni mtandao, nami nakiri mtandao wetu ni dhaifu, lakini nikiwahoji kwa utulivu nakuta vocha ilikuwapo na saa ndizo zilizokosekana.

Sisemi haya kwa niaba ya chuo chochote, wala sikusudii kuwatia watumishi wenzangu lawamani. Lakini napendekeza.

Kwanza, mzazi anayeamua mtoto asome nyumbani aseme mbele ya nyumba nzima saa zipi ni za masomo, na wakati wa palizi aajiri kibarua kwa zile ekari ambazo mwanawe angezilima. Gharama hiyo ni ndogo mno mbele ya kodi ya miezi 6. Asiyeweza kuahidi hivyo, ni heri auze pamba amsafirishe, kwani shahada isiyokwisha ndiyo ghali kuliko zote. Pili, anayetaka udaktari au uhandisi asipoteze muda kwa mjadala huu: maabara haisomwi kwa simu, na ahame. Tatu, baina ya kubaki Bariadi na kuhamia Dar es Salaam kuna Mwanza, kuna Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino pale Malimbe, na nashangaa jinsi familia zinavyoruka mji wa jirani. Nne, viongozi wa nzengo waandikiwe rasmi, kwa barua yenye muhuri, kwamba mwanafunzi wa masafa ni mwanafunzi. Tano, nasema tena, saa za masomo zitajwe nyumbani.

La sita nimeliandikia ofisi moja, ambayo sitaitaja, nikajibiwa kila mara kwamba barua imepokelewa na inashughulikiwa. Naomba chumba kimoja chenye meza, umeme na mtandao katika kila makao makuu ya wilaya, Maswa, Mwanhuzi, Nyashimo, Lagangabilili na hapa Bariadi, mahali ambapo kijana atabeba begi asubuhi na kuaga kwamba anakwenda shule. Majengo yapo. Yafungwa saa 9:30 alasiri, na siku za Jumamosi hayafunguliwi kabisa. Naomba funguo, na mlinzi wa kukaa mpaka saa 3 usiku.