Waya, Maganda ya Risasi, na Akili ya Fundi

Wasikilizaji wetu, leo twataka kusema nanyi juu ya kazi ya mikono, yaani namna fundi aongozwavyo na kitu alicho nacho, na hata na kitu asicho nacho. Watu wengi hudhani ya kuwa uhaba ni adui wa kazi nzuri. Habari za Tabora zatufundisha vingine.

Katika karne ya 19 Tabora ilikuwa njia panda ya misafara. Njia ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe; na toka hapo moja ilikwenda Ujiji, nyingine ikaelekea Karagwe na Buganda. Wasafiri Burton na Speke walitoka pwani mwezi wa Juni 1857, wakafika Kaze, karibu na Tabora, tarehe 7 Novemba. Wapagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi, walichukua nguo, ushanga na masango, yaani waya nene ya shaba. Masango hayo yalikuwa kama fedha, na kwayo watu walinunua chakula na kulipa hongo njiani.

Basi mhunzi wa Unyamwezi alipopata masango, alipata shaba ya umbo moja tu. Hakuchagua unene wake, wala haikuwa nyingi, maana kila pande lilikuwa limechukuliwa begani miezi mingi. Je, alifanyaje? Alitwaa chamburo, nacho ni kipande cha chuma chenye matundu, moja kubwa, na kila lifuatalo dogo zaidi. Alichonga ncha ya waya, akaipitisha katika tundu la kwanza, akaivuta kwa nguvu. Kisha katika la pili, na la tatu, hata waya nene ikawa nyembamba kama uzi. Shaba ikivutwa hivyo hukakamaa, nayo hutiwa motoni ilainike, kisha huvutwa tena. Uzi huo, uitwao udodi, ulizungushwa juu ya singa za mkia wa twiga au wa ng'ombe, ukawa pambo la mguu au la mkono, jepesi, lipindikalo lisivunjike.

Tazameni sana jambo hili. Shaba ile ile ikiyeyushwa ingetosha bangili moja nzito. Ikivutwa iwe uzi yatosha mapambo mengi. Hivyo umbo la pambo lilizaliwa na uchache wa shaba, pamoja na umbo la waya yenyewe.

Mji huo huo, na madini hayo hayo, ulitoa mfano wa pili wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Hapo kwanza sarafu za serikali ya Wajerumani zilikuwa zikitoka Ulaya. Meli za Waingereza zilipofunga bahari, sarafu zikapungua. Basi katika mwaka wa 1916 zikapigwa Tabora penyewe, katika karakana ya reli. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke. Na shaba ilitafutwa popote ilipopatikana, hata maganda ya risasi yakayeyushwa.

Sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yaonyesha ndovu aliyeinua mkonga mbele ya mlima. Nazo zilipigwa zaidi ya 16,000. Za shaba, za heller 20, zilipita milioni moja. Hizi za shaba hazifanani zote: taji ni kubwa katika nyingine, dogo katika nyingine, na ncha za herufi zatofautiana. Watu wakusanyao sarafu huzichungua tofauti hizo mpaka leo, kama mtu achunguzavyo mwandiko. Mwaka ule ule, tarehe 19 Septemba, majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora. Juu ya sarafu imo herufi T, alama ya mji. Jina la fundi halimo.

Hatusemi ya kuwa uhaba ni mwema. Mpagazi aliyechukua masango aliumia bega, na vita vilivyoleta maganda yale viliua watu wengi na kuacha njaa nyuma yake. Tena uhaba peke yake haufanyi pambo. Wenye njaa ya shaba walikuwa wengi, bali aliyefanya udodi ni yule aliyejua shaba yakakamaa lini, na yalainika kwa moto wa namna gani.

Ujuzi huo hauhifadhiwi kwa kutazamwa. Chamburo likitupwa darini hata likala kutu, mapambo yatabaki katika nyumba za makumbusho, lakini mkono uwezao kuyafanya hautakuwako. Kwa hiyo twawaambia ninyi wanafunzi: yuko mzee mhunzi karibu nanyi? Nendeni mkamvutie mivukuto, mkamwulize, angali yupo.

Wala msingoje vyombo vizuri vya dukani. Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Mwangalieni fundi akataye katambuga katika mpira wa gari uliochakaa, au afanyaye koroboi kwa kopo tupu. Yeye haulizi kwanza amekosa nini. Hulishika kopo, hulipindua, hulitazama mshono wake, ndipo akajua limfaa kwa kazi gani. Nanyi fanyeni vivyo hivyo.