Pampu ya Nje ya Tangi la Samaki



Leo tutazungumza habari za samaki wafugwao katika tangi la kioo. Samaki wa rangi wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa hufugwa hivyo katika nchi nyingi. Lakini somo letu hasa ni la fundi bomba: jinsi ya kufunga pampu inayorudisha maji juu. Kwanza nitawaambieni yaliyonipata mimi.

Nilikuwa na matangi mawili. La juu lilikuwa la samaki. La chini, ndani ya kabati, lilikuwa la kuchujia maji. Maji machafu yalishuka yenyewe kwa bomba, yakapita katika chujio, na pampu iliyokaa nje, kando ya tangi la chini, ikayarudisha juu yakiwa safi. Mwezi mzima mambo yalikwenda vizuri. Usiku mmoja umeme ulikatika. Alfajiri niliamka nikakanyaga maji. Umeme ulikuwa umekwisha kurudi. Pampu ilikuwa ikinguruma bila kutoa hata tone, nayo ilikuwa ya moto, haigusiki. Pampu ile ilikufa, na samaki wawili pia.

Kosa lilikuwa langu. Sikilizeni sababu yake.

Pampu ikisimama, maji yaliyomo katika bomba la kurudishia hugeuza njia. Huteremka, na yakiteremka huvuta mengine nyuma yake, kama vile mtu atoavyo mafuta pipani kwa mpira. Hayaachi mpaka maji ya tangi yashuke na mdomo wa bomba upate hewa. Mdomo wa bomba langu ulikuwa sentimita 10 chini ya uso wa maji.

Sasa shikeni kalamu, tufanye hesabu. Tangi langu la juu lilikuwa na urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 45.

120 × 45 × 10 = 54,000

Lita moja ni sentimita za ujazo 1,000. Basi zilishuka lita 54, karibu madebe matatu ya lita 20. Tangi la chini halikuwa na nafasi hiyo, maji yakamwagika sakafuni. Umeme uliporudi, pampu ilipeleka juu maji yaliyosalia, tangi la chini likakauka, pampu ikazunguka kavu. Maji ndiyo yanayoipoza pampu. Ikizunguka bila maji, huungua.

Je, kama mdomo wa bomba ungalikuwa sentimita 2 tu chini ya maji?

120 × 45 × 2 = 10,800

Zingalishuka lita 10 na kidogo, yaani nusu debe. Hiyo ndiyo dawa ya kwanza: mdomo wa bomba uwe karibu na uso wa maji. Watu wengine hutoboa kitundu katika bomba, chini kidogo ya uso wa maji, kipate kuingiza hewa. Ni vizuri, lakini utando wa kijani hukiziba, basi kisafishwe mara kwa mara. Wengine hufunga valvu ya kuzuia maji yasirudi. Nayo yafaa, lakini msiitegemee peke yake. Konokono mdogo akikwama ndani yake, haifungi.

Sasa tuifunge pampu yetu.

1. Mahali pake. Pampu ya namna hii husukuma maji. Haiwezi kuyanyonya kutoka chini ikiwa ndani yake mna hewa. Kwa hiyo ikae chini kuliko uso wa maji ya tangi la chini, ili maji yaijaze yenyewe. Toboeni tangi ubavuni, mfunge kiungo chenye mpira. Kioo kilichokazwa kwa moto hakitobolewi. Hupasuka vipande vipande.

2. Bomba la kuingizia. Liwe fupi, lisiwe na kona nyingi, wala lisiwe jembamba kuliko mdomo wa pampu. Koki ya upande huu iwe wazi kabisa pampu inapofanya kazi. Mkitaka kupunguza maji, punguzeni kwa koki ya upande wa kutolea.

3. Viungo. Kila upande wa pampu tieni yunioni, na nyuma ya yunioni koki. Siku ya kusafisha, fungeni koki mbili, legezeni yunioni mbili, na pampu itatoka bila kumwaga matangi.

4. Mabomba. Tumieni ya plastiki. Shaba nyekundu ikiyeyuka katika maji ni sumu kwa samaki, na zaidi kwa konokono na kamba. Mkisha kupaka gundi, ngojeni siku nzima kabla ya kutia maji.

5. Umeme. Waya uning'inie chini kuliko soketi, kisha ndipo upande. Tone likiteremka juu ya waya litaanguka sakafuni, halitaingia katika soketi.

Tena, mnaponunua pampu, msiamini upesi hesabu ya lita iliyoandikwa juu ya sanduku. Hiyo ni hesabu ya maji yasiyopanda. Kadiri maji yanavyopanda juu, ndivyo yanavyopungua.

Kazi ikiisha, msitie samaki bado. Washeni pampu, maji yatembee. Kisha izimeni kwa makusudi, msimame mtazame. Maji yatashuka mpaka yatulie. Yakikaribia kumwagika katika tangi la chini, punguzeni. Washeni tena, mwone kama pampu inashika maji yenyewe. Ikishika, pigeni mstari kwa rangi ubavuni mwa tangi la chini, pale maji yafikapo pampu ikienda, mwandike kwa mkono wenu: USIJAZE KUPITA HAPA. Aliye nyumbani siku msipokuwapo ataweza kusoma.

Mimi sikufanya jaribio hilo. Lingalinichukua robo saa.

Maswali ya daftarini

1. Kwa nini pampu ikae chini kuliko uso wa maji?
2. Tangi lina urefu wa sentimita 100 na upana wa sentimita 40. Mdomo wa bomba uko sentimita 5 chini ya maji. Zitashuka lita ngapi?
3. Koki ipi haifai kupunguzwa, ya kuingizia au ya kutolea?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.