Farasi wa Udongo na Malipo ya Bibi Mfinyanzi

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wajumbe wa kamati za parokia kutoka Handeni na Korogwe, pamoja na wageni wafadhili)



Tumeombwa kueleza hatua kwa hatua jinsi vijana wetu walivyofinyanga sanamu ya Mtakatifu Martino wa Tours akiwa juu ya farasi, ili vigango vingine navyo viweze kujaribu. Tutaeleza. Ila tunaomba ruhusa tueleze pia mahali tulipokosea, kwa kuwa fedha zilizotumika ni zenu na mna haki ya kujua.

Habari ya Martino wengi mnaijua. Alikuwa askari wa Kirumi, mzaliwa wa nchi ambayo leo ni Hungaria. Alipokuwa bado mkatekumeni, wakati wa baridi kali, alikutana na maskini asiye na nguo kwenye lango la mji wa Amiens, Ufaransa. Akachomoa upanga, akalikata joho lake katikati, akampa nusu. Baadaye alikuwa Askofu wa Tours, akafariki mwaka 397. Sikukuu yake ni tarehe 11 Novemba. Vijana walimchagua wenyewe, wakasema huyu ndiye mfadhili wa kweli. (Wafadhili mliopo msihofu, hatudai makoti yenu.)

Shida ya kwanza ilikuwa farasi mwenyewe. Katika kikundi kizima hakuna aliyewahi kumgusa. Nyika ya Handeni ilijulikana kwa mbung'o, na nagana humuua farasi upesi kuliko punda. Punda tunao, ndugu zetu Wamasai huwabebesha maji kila siku. Basi farasi wa kwanza wa vijana walitoka na masikio marefu na mkia wenye kishungi mwishoni, punda watupu. Tuliwapa picha ya kalenda na kipimo kimoja rahisi: chukua urefu wa kichwa, na urefu wa farasi kutoka kwato hadi bega ni vichwa viwili na nusu. Urefu wa kiwiliwili nao ni karibu hivyo hivyo. Baada ya hapo farasi walianza kuonekana farasi.

Shida ya pili tulijiletea wenyewe. Rafiki mmoja wa ng'ambo alitutumia boksi la udongo wa plastiki, ule wa rangi rangi ambao watu wa huko hufinyangia vinyago na kuvioka kwenye oveni ya nyumbani. Tulishukuru sana. Tukamwita mwezeshaji kutoka mjini, akafundisha kusuka mifupa ya waya na kuivika udongo ule. Kazi ilipendeza. Lakini udongo huo unataka joto la nyuzi 130 hivi, si zaidi sana, na sisi tulikuwa na sufuria, mchanga na makaa juu na chini, kama tunavyooka keki. Joto lilipita kiasi bila mtu kujua. Farasi aliungua, akawa mweusi, na moshi ukatutoa wote nje. Tunawaonya wenzetu: moshi huo unadhuru, watoto wasikaribie.

Udongo wa boksi ukaisha. Tukahamia udongo wa hapa kwetu, na mwezeshaji akaendelea na waya ule ule. Farasi saba walipasuka kabla hata ya kuona moto. Sababu tuliielewa baadaye: udongo wa mfinyanzi hunywea unapokauka, waya haunywei. Kwa hiyo udongo unajivuta juu ya waya mpaka unachanika.

Hapo ndipo binti mmoja wa kikundi akasema, "Kwa nini tusimwite bibi?"

Bibi huyo ni mfinyanzi wa Kizigua wa siku nyingi, wa vyungu na mitungi. Alifika, akapokea shikamoo, akaokota kipande cha farasi aliyepasuka na kukivunja mkononi. Akasema, "Wajukuu zangu, chungu hakina mfupa. Mnyama wenu atasimama kwa tumbo." Hatukumwelewa siku ile. Sasa tumemwelewa, na hatua tunazowapa ni zake.

Udongo unachimbwa bondeni, chini ya tabaka la juu lenye mizizi. Sisi wa Korogwe tulichimba karibu na Mto Pangani, wenzetu wa Handeni walichimba kwenye korongo. Uanike, utwange kwenye kinu, uchekeche, kisha uloweke. Changanya vigae vya vyungu vya zamani vilivyosagwa, kipimo kimoja kwa vinne vya udongo, maana vigae ndivyo vinavyozuia kupasuka motoni. Kanda kama unga wa chapati, ila kwa muda mrefu zaidi. Ili kujua kama uko tayari, viringisha kamba nene kama kidole na uizungushe kwenye dole gumba. Ikichanika, bado.

Kiwiliwili cha farasi hufinyangwa kama mtungi mdogo uliolazwa, wazi ndani, unene wa ukuta usizidi kidole. Hilo ndilo "tumbo" la bibi. Acha tundu chini ya tumbo ili mvuke upate pa kutokea. Miguu minne ifinyangwe imara, minene kuliko inavyoonekana kwenye picha, kisha kila kitu kipumzike usiku kucha chini ya kitambaa chenye unyevu mpaka kiwe kigumu kiasi. Kuunganisha, kwaruza pande zote mbili kwa mwiba, paka uji wa udongo, bonyeza. Shingo na kichwa vifuate. Usiunganishe kipande kibichi na kikavu, vitaachana. Vijana wengi hawakuamini jambo hili mpaka lilipowatokea.

Mpanda farasi hukalishwa angali laini, ili mapaja yake yafuate mbavu za mnyama. Joho ni bamba jembamba la udongo lililosukumwa kwa chupa na kutandazwa begani. Upanga msiufinyange, utavunjika tu. Sisi tuliuchonga kwa mwanzi na kuuweka baada ya kuchoma. Manyoya ya shingo na mkia ni nyuzi za mkonge, nazo hubandikwa mwishoni, maana moto ungezila.

Tulipofika hapo, farasi akaanza kuinama mbele kwa uzito wa Martino. Tukataka kuweka kijiti chini ya kifua. Bibi akakataa, akauliza, "Yule maskini wenu yuko wapi?" Tukamwonyesha, amelazwa pembeni akisubiri. Akamchukua, akampigisha magoti chini ya kifua cha farasi, mgongo wake ukigusa kifua chenyewe, akamuunganisha kwa uji. Farasi akasimama. Tangu siku hiyo sanamu zetu zote ziko hivyo, maskini ndiye anayebeba uzito.

Kukausha ni kivulini, si chini ya wiki mbili, na masikio yafunikwe kwa jani la mgomba yasitangulie kukauka. Kuchoma ni shimo fupi lenye vigae chini, moto wa mbali kwanza ukizunguka sanamu tangu asubuhi, kisha kuni, samadi kavu na nyasi juu yake. Hakuna kufunua mpaka kesho yake.

Na hapa ndipo tulipokosea zaidi. Sikukuu ilikuwa inakaribia na mvua za vuli zilishaanza. Bibi aligusa tumbo la farasi, akasema bado ni baridi, kuna maji ndani. Sisi tulikuwa tumeshatoa matangazo parokiani. Tukamwomba, tukamsihi, na mwisho tukaamua bila yeye. Sanamu ililipuka kabla ya saa sita mchana. Tarehe 11 Novemba meza iliyopambwa ilibaki tupu. Sanamu ya pili, iliyochomwa siku aliyoichagua mwenyewe, ilisimama kanisani usiku wa Noeli ikiwa na sikio moja. Sikio hilo hatukulirudisha.

Kulikuwa pia na wazee waliopinga. Walisema sanamu ndogo za udongo ni vitu vya unyago na jando, na kwamba bibi mwenyewe alikuwa mwalimu wa mambo hayo. Hawakukosea kuhusu historia. Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyefanya kazi katika serikali ya kikoloni, alichapisha mwaka 1956 kitabu kizima juu ya vinyago vya udongo vya Wazigua, Washambaa na jirani zao, kila kimoja kikiwa na wimbo na fundisho lake. Sisi tuliwajibu wazee kwamba vinyago hivyo vilifundisha vijana heshima na maisha ya ndoa, na kwamba hata Askofu Vincent Lucas wa Kianglikana, kule Masasi, hakulitupa jando bali alijaribu kulipa sura ya Kikristo. Wazee wawili waliridhika. Mmoja bado, na anakaribishwa kuendelea kutuuliza.

Limebaki la fedha. Mwezeshaji wa mjini alilipwa posho, nauli na nyumba ya wageni. Bibi alipewa soda na jozi ya khanga. Katika kikao cha tathmini, binti yule yule aliyemwita alisimama akasema, "Martino alitoa nusu ya joho. Sisi bibi tumempa pindo." Hakuna aliyemjibu. Mweka hazina alitazama karatasi zake.

Tulitaka kurekebisha, tukakuta utaratibu wetu wenyewe unaruhusu posho ya mafunzo kwa mwenye cheti tu. Bibi hana cheti. Kwa idhini ya kamati tulitoa kwenye fungu la usafiri, tukamlipa kila siku aliyofundisha kwa kiwango kile kile cha mwezeshaji, na tumeliandika wazi kwenye taarifa. Baadhi yenu mtaliona na kuuliza. Ndiyo maana yake.

Ombi letu kwa wafadhili ni kwamba katika bajeti ijayo tukubaliwe fungu la mafundi wasio na vyeti, watakaothibitishwa na kamati ya parokia badala ya chuo. Kwa kamati, tunaomba majina ya wafinyanzi walio katika vigango vyenu. Wengi ni wazee, na mabinti wao wanauza ndoo za plastiki.

Bibi amesema udongo wa sanamu za mwaka huu uchimbwe mapema, kabla mito haijajaa. Wenye magunia matupu na majembe wayalete ofisini.