Pasipoti ya Marekani Inafungua Mlango Gani Ulaya?



Nimeombwa nizungumzie kazi na maisha ya Mmarekani huko Ulaya. Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Tanga. Shahada nilisomea hapa Marekani, uraia nikaapa hapa hapa, na sasa nafanya kazi Ujerumani. Nitasema ya Ujerumani tu, ya Ireland au Uholanzi atawaeleza aliyeko huko.

Kabla hata sijaketi nimeshaulizwa: "Si una pasipoti ya Kimarekani, shida iko wapi?" Ni kweli inasaidia. Mmarekani anaingia Ujerumani bila viza na anaruhusiwa kuombea kibali cha kuishi na kufanya kazi akiwa huko huko. Mkenya au Mtanzania lazima apitie ubalozini kwanza. Rafiki yangu wa zamu aliisubiri viza Nairobi miezi saba, mimi nilipanda ndege tu. Ila kufanya kazi kabla kibali hakijatoka ni marufuku, kwa hiyo nendeni na akiba.

Ukishaingia, wodini hakuna anayeiuliza hiyo pasipoti. Wanauliza Kijerumani cha ngazi ya B2, na wanauliza ulisoma nini. Leseni ya Marekani haitambuliwi moja kwa moja. Mamlaka ya jimbo inalinganisha masomo yako na ya kwao, ambayo ni saa 2,100 za darasani na 2,500 za vitendo. Shahada yangu, ambayo mkopo wake bado naulipa, ilipungukiwa saa za vitendo. Yule rafiki yangu aliyesomea Kenya alinizidi kwa mbali! Basi zaidi ya mwaka mzima nilikuwa msaidizi: naogesha wagonjwa, nalisha, natandika vitanda, dawa sigusi, usiku nasomea mtihani wao. Waliowahi kubeba maboksi wananielewa.

Halafu kodi. Marekani, kama Eritrea, inamfuata raia wake popote alipo. Kila mwaka nawasilisha hesabu zangu kwao, ingawa kodi niliyokwisha kulipa Ujerumani inapunguzwa. Akaunti zako za nje zikizidi dola 10,000 kwa jumla, hata kwa siku moja, unatakiwa kuziripoti. Na tangu sheria ya mwaka 2010 inayozitaka benki za nje zitoe taarifa za Wamarekani, baadhi hazitaki hata kutuona. Moja ilinirudishia fomu baada ya kusoma mstari wa uraia.

Mshahara nao ni mdogo kuliko wa Marekani, sitawadanganya. Lakini nilipofanyiwa upasuaji nilikaa nyumbani wiki tano nikilipwa mshahara wote. Sheria inampa mgonjwa hadi wiki sita kutoka kwa mwajiri. Likizo ya kisheria haipungui wiki nne. Wauguzi mlioko hapa mnajua kwa nini sijarudi.

Sasa la siasa, maana najua mnalingoja. Kwa ajili ya pasipoti hii nilipoteza uraia wa Tanzania, kwa sababu nchi yetu hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima. Kenya iliuruhusu kwa Katiba ya 2010. Nami naudai kama ninyi. Lakini kijana aliyemaliza uuguzi nyumbani hahitaji kwanza pasipoti ya Marekani. Anahitaji Kijerumani, vyeti vilivyokaguliwa, na serikali inayomsimamia mkataba wake. Kenya ilisaini makubaliano ya wafanyakazi na Ujerumani tarehe 13 Septemba 2024. Kwa nini sisi tumwachie dalali kazi hiyo?

Mama yangu huniuliza swali ambalo sijalijibu: wote mkienda, Hospitali ya Bombo atabaki nani usiku? Serikali itakayosaini mkataba inapaswa kumjibu yeye pia, iseme idadi ya watakaoondoka na ya watakaoajiriwa nyumbani.

Nimekuja na nakala za fomu zangu, kwa wenye maswali ya makaratasi. Tuanze na dada aliyenyoosha mkono kule nyuma.