Barabarani, Mwenye Nguvu Ampishe Mnyonge

Hotuba hii ilitolewa mjini Machakos mbele ya madereva na makanga wa matatu, wanabodaboda, waendesha baiskeli na wakazi. Tunaichapisha kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.



Nimeombwa niseme juu ya ugomvi ambao kila mmoja wetu anaujua, kati ya mwenye gari na mwenye baiskeli. Ugomvi huu hauko Machakos mjini peke yake. Uko Mlolongo na Athi River, uko Tala na Kangundo, uko Matuu kwenye barabara ya Garissa, uko Masii na Mwala. Popote palipo na lami nyembamba na watu wenye haraka, utaukuta.

Kwanza tukumbushane mwenye baiskeli ni nani. Wengine wetu tukisikia neno hilo tunamfikiria kijana aliyevaa kofia ya plastiki akifanya mazoezi Jumapili asubuhi. Huyo yupo, na ana haki yake. Lakini katika kaunti hii, mwenye baiskeli mara nyingi ni mtu aliye kazini. Ni yule mwenye Black Mamba aliyefunga mitungi ya maji ya lita 20 kwenye keria. Ni anayepeleka maziwa au mkate dukani kabla jua halijachomoza. Ni fundi aliyebeba vyombo vyake, mfanyakazi wa kiwandani Athi River anayeokoa nauli, na mwanafunzi ambaye shule yao iko mbali. Akiangushwa, siku hiyo nyumba nzima inakosa.

Nimewasikiliza pande zote mbili, na kila upande una neno. Madereva wanasema: mtu wa baiskeli anatembea usiku bila taa, anakata barabara bila kuangalia nyuma, anapanda mlima ameshikilia mkia wa lori. Ni kweli, na nitayarudia hayo. Waendesha baiskeli nao wanasema: tunapigiwa honi mpaka tuingie mtaroni, tunabanwa, tunatukanwa kama watu waliovamia shamba la wenyewe. Hilo pia ni kweli.

Lakini pande hizi mbili hazilingani. Mwenye baiskeli akikosea, dereva atashtuka, pengine atavunja kioo cha pembeni. Dereva akikosea, mwenye baiskeli anazikwa. Takwimu za NTSA zinaonyesha kwamba tangu mwaka 2021, kila mwaka watu zaidi ya 4,000 wamekufa kwenye barabara za Kenya. Hiyo ni zaidi ya watu kumi kila siku. Kundi kubwa zaidi kati yao ni watu wanaotembea kwa miguu. Wale wasio na bati la kuwakinga ndio wanaolipa.

Wahenga walisema, mwenye nguvu mpishe. Nadhani barabarani kwetu tumeifanya methali hiyo kuwa sheria. Trela inampigia lori honi, lori linaipigia matatu, matatu inampigia mwenye Probox, huyo anampigia wa bodaboda, na wa bodaboda anampigia mwenye baiskeli. Mwenye baiskeli hana wa kumpigia. Kwake yeye kilichobaki ni mtaro. Mimi naomba leo tuigeuze methali hiyo: barabarani, mwenye nguvu ndiye ampishe mnyonge.

Ndugu madereva, mtaniuliza: kwa nini asikae tu kando? Nawaomba siku moja mshuke garini muitazame hiyo kando. Kwenye barabara zetu nyingi lami imemong'onyoka ukingoni, na kati ya lami na udongo kuna ngazi ya kimo cha shubiri. Gurudumu jembamba likishuka hapo kwa kasi, haliwezi kupanda tena bila kupinduka. Palipo na ukingo mzuri, mara nyingi pana mchanga, vipande vya chupa, mama mwenye kibanda au pikipiki zilizoegeshwa. Ndiyo maana mnamwona ameingia ndani ya lami. Hajifanyi mkubwa. Anatafuta mahali gurudumu litakaposhika.

Na unapompigia honi ukiwa nyuma yake kabisa, unamwambia afanye mojawapo ya mambo mawili: ashtuke ayumbe mbele yako, au aruke nje ya lami akiwa na mitungi minne mgongoni mwa baiskeli. Honi si breki. Kama una nafasi ya kupiga honi, una nafasi ya kupunguza mwendo.

Sasa tufanye hesabu ya ile haraka yenyewe, kwa sababu haraka ndiyo inayoleta haya yote. Tuseme umemkuta mwenye baiskeli anakwenda kilomita 15 kwa saa, na mbele kuna kona, huwezi kumpita. Unamfuata pole pole kwa mita 300 mpaka njia ifunguke. Utatumia sekunde 72. Kama barabara ingekuwa wazi na unakwenda 50 kwa saa, ungetumia sekunde 22 hivi. Tofauti ni sekunde 50. Ndiyo hasara yako yote, chini ya dakika moja, na mara nyingi utaipoteza tena ukisubiri abiria mmoja stejini.

Hesabu ya pili ni ya kusimama. Ukiwa kwenye 50 kwa saa, gari linakula mita 14 kila sekunde. Kabla jicho halijaona na mguu haujafika kwenye breki, sekunde moja na nusu imepita. Ukijumlisha na breki zenyewe, kwenye lami kavu unahitaji kama mita 35 kusimama. Ukiwa kwenye 80 kwa saa, unahitaji karibu mita 70, na hapo breki ni nzima na tairi si kipara. Mvua ikinyesha, ongeza. Kwa hivyo anayeingia mji kwa mwendo wa barabara kuu hawezi kusema "alitokea ghafla." Yeye ndiye aliyefika ghafla.

Sheria yenyewe iko wazi. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inaweka kilomita 50 kwa saa kuwa mwisho wa mwendo mjini. Kuendesha gari juu ya njia ya waendao kwa miguu ni kosa. Mara ya kwanza faini ni hadi shilingi 30,000, au kifungo cha hadi miezi 3, au vyote viwili. Anayesababisha kifo kwa kuendesha ovyo anaweza kufungwa hadi miaka 10. Na ukimgonga mtu, lazima usimame. Kukimbia ni kosa lingine juu ya lile la kwanza.

Kuhusu nafasi ya kuacha unapompita mwenye baiskeli, nchi kadhaa zimeipima kwa mita. Ufaransa wanataka mita moja mjini na mita moja na nusu nje ya mji. Ujerumani wanataka mita moja na nusu mjini na mita mbili nje. Hapa kwetu naomba tuanze na mita moja na nusu kama desturi, hata kabla ya kusukumwa na mtu. Haihitaji kipimo: ni kama urefu wa mtoto wa darasa la sita amelala kati ya gari lako na baiskeli. Kama mtoto huyo hatoshi hapo, subiri nyuma.

Kwa ndugu zangu wa matatu nina ombi la pekee. Mnapogombania abiria, magari mawili yakishindana kufika stejini kwanza, mnajua methali ya fahali wawili na nyasi. Anayeumia ni aliye katikati yenu na ukingo. Msimkatie mwenye baiskeli mbele mkaegesha papo hapo. Makanga, kabla ya kufungua mlango, angalia nyuma. Mlango unaofunguka ghafla unaua sawa na bampa.

Vijana wa bodaboda, ninyi mnakula matusi yale yale ya wenye magari. Msiyashushe kwa mwenye baiskeli. Hata jina lenu limetoka kwake: bodaboda za kwanza zilikuwa baiskeli, zikivusha watu na mizigo mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, miaka ya 1960. Mwenye baiskeli ni babu yenu katika kazi. Mpeni heshima yake.

Sasa nawageukia wenye baiskeli, maana haki huja na wajibu. Tembea upande wa kushoto, kuelekea kule magari ya upande huo yanakoelekea. Anayetembea kwa miguu ndiye anayefaa kuyakabili magari. Wewe ukija kinyume, dereva hapati muda wa kukuona. Usiku weka taa nyeupe mbele na taa au kiakisi chekundu nyuma. Tochi ndogo na kipande cha kiakisi ni bei ndogo kuliko bandeji. Kagua breki, hasa ukiwa unateremka milima yetu na mzigo. Nyosha mkono kabla ya kukata kona. Usishikilie lori, hata mlima uwe mkali kiasi gani. Na ukisikia gari nyuma yako, shikilia mstari wako ulionyooka. Kuyumba ndiko kunakomponza mtu.

Wakazi wenzangu, tabia njema peke yake haitajenga ukingo wa barabara. Lazima tujue barabara ni ya nani ili tujue pa kupeleka malalamiko. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliipa kaunti barabara za kaunti, taa za barabarani, trafiki na maegesho. Barabara kuu za kitaifa zimebaki kwa serikali ya kitaifa, na Mombasa Road, kuanzia Mlolongo kupita Makutano ya Machakos, iko chini ya KeNHA. Tangu mwaka 2022 mwenye haraka na pesa anapanda Expressway pale Mlolongo. Baiskeli haziruhusiwi juu huko, kwa hivyo mwenye baiskeli amebaki chini pamoja na malori. Huko chini ndiko tunakotakiwa kupapigania.

Kwa barabara za kaunti, mlango wenu ni vikao vya maoni ya wananchi. Kila mwaka mpango wa maendeleo wa kaunti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Kabla ya hapo wananchi huitwa watoe maoni. Watu wengi huomba lami, na ni sawa. Lakini mkiomba lami, ombeni na ukingo wake. Semeni kwa jina la mahali: kutoka soko hili mpaka shule ile, upana huu, upande huu. Barabara ikishawekwa lami bila ukingo, magari yanaongeza kasi na mwenye baiskeli anakuwa amepoteza hata ile njia ya vumbi aliyokuwa nayo.

Mwisho, ukigongwa. Wengi wetu tunamalizia jambo pale pale barabarani kwa shilingi mia tano za dereva, halafu kesho yake mguu unavimba na namba ya gari hatuna. Fanya hivi. Andika au piga picha namba ya gari. Chukua nambari za simu za walioshuhudia. Nenda hospitalini, utunze karatasi zote. Piga ripoti polisi, upewe namba ya OB, na uombe fomu ya P3. Kila gari linalotembea barabarani linatakiwa kisheria kuwa na bima ya mtu wa tatu, na wewe uliyegongwa ndiye huyo mtu wa tatu. Bima hiyo si hisani ya dereva, ililipiwa kwa ajili yako. Ukihitaji polisi kwa haraka, piga 999 au 112.

Chris Froome alizaliwa Nairobi, na akajifunza mbio za baiskeli kwenye barabara za Kikuyu akiwa na David Kinjah. Mwezi Mei 2017, akiwa tayari ameshinda Tour de France mara tatu, alitangaza kwamba dereva asiye na subira alikuwa amemgonga kwa makusudi kusini mwa Ufaransa, na baiskeli yake ikaharibika kabisa. Yeye alipata bahati, hakuumia. Kama bingwa wa Tour de France mwenye mwili wa chuma hana la kufanya mbele ya gari lenye hasira, mama wa Mutituni aliyebeba ndizi atafanya nini?

Ndugu madereva, ombi langu kwenu ni dogo. Leo mkirudi, mtamkuta mmoja wao mbele yenu. Ondoa mguu kwenye mafuta, acha mkono mbali na honi, msubiri mpaka mpate nafasi ya mita moja na nusu, kisha mpite. Itawagharimu sekunde 50.

Mfike nyumbani salama.